Elektroni bila moto: sindano 60,000 na shoti moja

Leo jioni mechi ikianza, picha utakayoitazama kupitia dishi la paani itakuwa imeshuka kutoka kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kabla haijaanza safari hiyo ya kushuka, kuna uwezekano mkubwa kwamba imepita ndani ya kifaa chenye jiko. Ndiyo, jiko. Ni kidonge cha tangsteni, kidogo kama kitufe cha shati, kinachopashwa joto hadi karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, usiku na mchana, kwa miaka 15 au zaidi, na hakuna fundi wa kupanda huko kukibadilisha.

Jiko hilo lina kazi moja tu: kutoa elektroni. Makala hii inawahusu watu ambao kwa zaidi ya miaka 50 wamekuwa wakijaribu kulizima, ili elektroni zile zile zitoke kwenye chuma baridi. Mimi mwenyewe nimeligusa jambo hili kidogo nikisoma shahada ya uzamili, na huko mbele nitakusimulia jinsi nilivyounguza sindano yangu ya kwanza. Ila nikuambie mapema kilichonishangaza. Kutoa elektroni kwenye chuma baridi si kazi ngumu. Ngumu ni kuzifanya ncha elfu sitini zitoe kwa pamoja, kila moja kwa kiasi chake, kwa miaka, bila hata moja kuvuka mpaka.

Kwani tyubu hazikufa na redio za babu?

Swali zuri. Zile redio kubwa za mbao zilizohitaji muda wa kupata joto kabla ya kuanza kusema zilitumia tyubu za kioo, na transista zikaja kuzifuta karibu kila mahali. Karibu. Unapotaka nguvu kubwa kwenye masafa ya juu sana, yaani mawimbi ya mikrowevu yanayotikisika mabilioni ya mara kwa sekunde, tyubu bado ipo kazini.

Sababu ni rahisi kuiona. Ndani ya transista elektroni inapita kwenye kitu kigumu, inagongana na atomu njia nzima, na kila mgongano ni joto. Ndani ya tyubu kuna ombwe, hakuna cha kugonga. Zaidi ya hapo, nguvu inayobaki kwenye elektroni zikifika mwisho wa safari inaweza kurudishwa kwa sehemu kubwa na kutumika tena. Ndiyo maana tyubu nzuri za setilaiti hugeuza zaidi ya asilimia 60 ya umeme zinaokula kuwa mawimbi. Kule juu kila wati inatoka kwenye paneli za jua, na joto huwezi kulipuliza kwa feni kwa sababu hewa hakuna. Transista mpya za galiamu naitraidi zinaendelea kuzinyang'anya tyubu kazi, hilo ni kweli, lakini mashindano hayajaisha.

Tyubu inayotumika sana kwenye setilaiti ni tyubu ya wimbi linalosafiri, wenyewe huiita TWT. Ilibuniwa wakati wa Vita Kuu ya Pili huko Uingereza na Rudolf Kompfner, Mwaustria ambaye kwanza alisomea usanifu wa majengo. Setilaiti ya Telstar iliyorushwa mwaka 1962 ilikuwa nayo. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vinazo pia.

Inafanyaje kazi? Kumbuka vitu vitatu. Mwanzoni kuna bunduki ya elektroni: kathodi inayozitoa, na volti elfu kadhaa zinazozisukuma. Volti 3,000 tu zinatosha kuipa elektroni kasi ya sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga. Katikati kuna waya uliosokotwa kama springi ya kalamu. Mwishoni kuna chombo cha kuzipokea elektroni zilizochoka.

Ishara dhaifu inaingizwa kwenye ile springi na kuufuata waya mzunguko kwa mzunguko. Kwa kuwa njia ya kuzunguka ni ndefu, wimbi linasonga mbele polepole, kwa mwendo ule ule wa elektroni zinazopita katikati. Sasa wawili hawa wanakwenda sambamba. Wimbi linazivuta elektroni baadhi na kuzirudisha nyuma nyingine, na taratibu zinajikusanya mafungumafungu. Mafungu yanalisukuma wimbi, wimbi linakua, nalo linakusanya mafungu mazito zaidi. Ishara iliyoingia dhaifu inatoka ikiwa na nguvu mara maelfu. Nguvu hiyo imetoka kwenye mwendo wa elektroni, ndiyo maana zinafika mwisho zikiwa zimepungua kasi.

Kwa hiyo yote yanaanzia kwenye kathodi. Bila elektroni nyingi, zilizotulia, zinazotoka bila kukatika, springi yako ni pambo tu.

Bei ya kutoka mlangoni

Kama ulisoma fizikia ya kidato cha nne unakumbuka habari ya elektroni kutoka kwenye chuma cha moto. Tuirudie kwa lugha ya dukani.

Ndani ya chuma elektroni ziko huru kuzurura, lakini kutoka nje kuna kiingilio. Kwa tangsteni, kiingilio hicho ni kama elektroni-volti 4.5. Joto la chumba linaipa elektroni takriban elektroni-volti 0.025. Ni sawa na mtu mwenye shilingi 25 mfukoni anayetaka kitu cha shilingi 4,500. Atarudi nyumbani mikono mitupu.

Pasha chuma hadi nyuzi 1,000 na mfuko wake unapanda hadi shilingi 110 hivi. Bado ni maskini. Ila joto haligawanywi sawasawa: elektroni chache hubahatika kupata nyingi kuliko wenzao, na hizo ndizo zinazotoka. Watengenezaji wakaongeza hila ya pili, kushusha bei. Wanachukua tangsteni yenye vitundu kama sifongo na kuijaza misombo ya bariamu. Bariamu inapanda juu na kuufunika uso wa chuma kwa tabaka jembamba mno, na bei inashuka hadi shilingi 2,000 hivi. Hapo biashara inafanyika.

Lakini bariamu inayeyuka angani kidogo kidogo kwa sababu ya moto ule ule. Nyingine inapanda kutoka kwenye vitundu kuijazia nafasi, mpaka siku moja akiba inakwisha. Ukitaka elektroni nyingi zaidi lazima uongeze moto, na ukiongeza moto akiba inaisha mapema. Hapa ndipo penye mvutano wa kweli. Watu wengi hudhani kathodi baridi inatafutwa ili kuokoa umeme wa jiko. Jiko lenyewe hula wati chache tu. Kinachotafutwa ni elektroni nyingi kutoka eneo dogo bila kulipa kwa umri, na kifaa kinachowaka papo hapo badala ya kusubiri dakika kadhaa kipate moto. Kadiri masafa yanavyopanda, springi na njia ya elektroni vinakuwa vyembamba kama uzi, na kijito cha elektroni kinapaswa kuwa chembamba na kizito kwa wakati mmoja.

Kama huwezi kuruka ukuta, upunguze unene

Kuna njia ya pili ya kutoka, na haihitaji joto hata kidogo.

Badala ya kuipa elektroni pesa za kuruka ukuta, unaufanya ukuta uwe mwembamba. Kwa sheria za kwantumu, elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi halikomi ghafla likifika ukutani. Mkia wake unaingia ndani kidogo. Ukuta ukiwa mwembamba vya kutosha, mkia unatokeza upande wa pili, na mara moja moja elektroni nzima inajikuta nje. Haikuruka. Imepenya. Mwaka 1928 Ralph Fowler na Lothar Nordheim waliandika hesabu ya jambo hili, na hadi leo ndiyo tunayoanza nayo.

Ukuta unapunguzwaje? Kwa kuuvuta na uga wa umeme wenye nguvu sana. Ukifikia volti 5 kwa kila nanomita, ukuta wa tangsteni unabaki na unene usiofika nanomita moja, yaani upana wa atomu chache. Volti 5 unaweza kuzipata kwenye chaja ya simu. Shida ni hiyo "kwa kila nanomita". Ukiigeuza ni volti bilioni 5 kwa mita. Hewa ya kawaida hushindwa na kupiga cheche kwenye volti milioni 3 kwa mita. Tunazungumzia zaidi ya mara elfu ya hapo.

Fundi cherehani analijua jibu. Nguvu ya kidole haiwezi kupenyeza mpini wa kijiko kwenye kitambaa, lakini nguvu ile ile inapenyeza sindano. Umeme nao unajazana kwenye ncha. Chukua waya uliochongoka mpaka ncha yake iwe na nusu kipenyo cha nanomita 50, uweke ndani ya ombwe, mpe volti 1,000 hivi, na pale nchani uga unafika volti kadhaa kwa nanomita. Elektroni zinaanza kutoka. Chuma ni baridi, unaweza kukishika. Usikishike lakini, kina volti 1,000.

Sindano yangu ya kwanza

Nilitengeneza sindano kama hiyo. Unachukua waya wa tangsteni, unauchovya kwenye maji ya kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, na kupitisha umeme. Waya unaliwa taratibu pale unapogusa uso wa maji, unapata kiuno, halafu sehemu ya chini inakatika na kuanguka kwa uzito wake. Kinachobaki juu ni ncha kali kuliko sindano yoyote uliyowahi kuchomwa.

Nikaiweka kwenye chombo cha ombwe, pampu ikafanya kazi usiku kucha. Asubuhi nikaanza kupandisha volti. Mia tano, kimya. Mia nane, kimya. Zilipopita elfu kidogo, mita ikaanza kucheza: nanoampea chache, zikipanda na kushuka kama mwali wa mshumaa dirishani. Nilifurahi kama mtoto. Nikapandisha kidogo tu, kidogo kabisa. Mkondo ukaruka, ukaruka tena, halafu sifuri. Tulipoitazama sindano kwenye hadubini, ncha haikuwepo. Palikuwa na kibonge cha mviringo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Msimamizi wangu akacheka, akasema, "Karibu chamani."

Kosa langu lilikuwa kutoiheshimu hesabu ya 1928. Kwenye uga wa volti 5 kwa nanomita, ukiongeza uga kwa asilimia 10 tu, mkondo hauongezeki kwa asilimia 10. Unakuwa takriban mara nne. Ongeza asilimia 20, ni zaidi ya mara kumi. Halafu mkondo ukiwa mkubwa, ncha inapata joto. Ikipata joto, atomu zake zinalegea na uga unazivuta ziote kijinundu kipya. Kijinundu ni kikali zaidi, uga unaongezeka, mkondo unaruka. Mduara huo ukishaanza, unamalizika kwa kiberiti.

Ukali huu wa hesabu una sura mbili, na nakuomba uukumbuke, maana mengi yaliyobaki yanatoka humo. Unakusaidia kuzitoa elektroni bila moto. Na unakunyima nafasi ya kukosea hata kidogo.

Kichuguu ndani ya shimo

Sindano moja inatosha kwa kazi fulani. Hadubini bora za elektroni hutumia ncha moja baridi ya tangsteni. Kwa chombo cha namna hiyo Albert Crewe na wenzake huko Chicago walionesha picha za atomu moja moja mwaka 1970. Lakini hadubini inahitaji mkondo mdogo sana. Tyubu ya setilaiti inahitaji kama sehemu ya kumi ya ampea. Sindano moja haibebi mzigo huo. Unahitaji maelfu kwa maelfu, zote sawa, kwenye eneo dogo.

Mwaka 1968 Charles Spindt, mtafiti wa Stanford Research Institute huko California, alichapisha njia ya kuzitengeneza. Ukishaielewa utatabasamu. Chukua sahani ya silikoni. Juu yake weka tabaka la kihami umeme, unene wa mikromita moja hivi. Juu ya hilo weka tabaka jembamba la chuma, na chuma hiki ukitoboe vishimo vya duara, kila kimoja na upana wa mikromita moja hivi, mpaka chini kwenye silikoni. Chuma hiki chenye matundu ndicho lango.

Sasa mwagia mvuke wa molibdeni kutoka juu, wima kabisa. Molibdeni inaingia shimoni na kutua chini. Lakini nyingine inaganda kwenye midomo ya shimo na kuanza kulifunga. Kila tabaka jipya linalotua chini linakuwa dogo kuliko lililotangulia, kwa sababu mlango wa juu unazidi kubana. Mlango ukifunga kabisa, umebaki na nini mle ndani? Pia kali, kama kichuguu kidogo, ncha yake ikiwa katikati ya lango. Spindt alikuwa ametanguliza tabaka jingine kwa mshazari ili baadaye liyeyushwe, hivyo ule mfuniko wa juu unaondolewa na pia inabaki peke yake shimoni. Hukuchonga hata moja. Zimejichonga zenyewe, zote kwa mpigo mmoja.

Na kwa kuwa lango liko nusu ya mikromita tu kutoka kwenye ncha, huhitaji tena volti elfu. Mia moja hivi zinatosha.

Tupige hesabu. Ukizipanga pia kila baada ya mikromita 4, milimita moja ya mraba inabeba 250 kwa 250, yaani 62,500. Gawanya ampea 0.1 kwa hizo zote: kila ncha inatakiwa kutoa mikroampea 1.6. Ni elektroni trilioni kumi kwa sekunde kutoka kwenye kitu usichoweza kukiona kwa macho, lakini kwa ncha nzuri inawezekana. Kwenye karatasi, kazi imekwisha.

Ndoto ya lango

Wahandisi wa tyubu waliona kitu kikubwa zaidi. Kumbuka kwamba kwenye TWT urefu wote ule wa springi upo ili elektroni zipate muda wa kujikusanya mafungumafungu. Je, kama zingezaliwa tayari zimefungwa? Kwenye kathodi ya moto huwezi kuweka lango karibu sana, kwa sababu linapata joto, bariamu inaligandia, na lenyewe linaanza kutoa elektroni lisizoombwa. Kwenye kathodi ya Spindt lango liko pale pale na ni baridi. Lifungue na kulifunga mara bilioni tano kwa sekunde, kwa ishara yenyewe unayotaka kuikuza, na elektroni zinatoka kwa mafungu. Tyubu inafupika sana.

Hapa fizikia ya shule inarudi kudai chake. Chuma juu, kihami katikati, silikoni chini: hicho ni nini? Ni kapasita. Kwa milimita moja ya mraba na kihami cha mikromita moja cha oksidi ya silikoni, unapata kama pikofaradi 35. Inasikika kama kitu kidogo. Lakini kwenye gigahezi 5, kapasita hiyo inazuia umeme kwa ohmu 1 hivi tu. Ishara yako dhaifu ikifika langoni inakuta njia iliyo karibu na shoti, na sehemu kubwa inapotelea hapo badala ya kuzitikisa ncha. Ukipunguza eneo unapunguza kapasita, lakini unapunguza pia ncha, na kila iliyobaki inabebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Unajua mwisho wa ncha iliyobebeshwa mzigo.

Samaki mmoja

Sasa tufike kwenye kiini. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, na kathodi ya Spindt ndiyo tenga lenyewe.

Pia 62,500 zimetoka kwenye mpigo mmoja, ila hazifanani kikamilifu. Moja ina ncha kali kwa asilimia 10 kuliko jirani yake. Kwa hesabu uliyoiona, hiyo inatoa mara nne. Nyingine ni butu kidogo, haitoi karibu chochote. Kwa hiyo unapofurahia jumla ya ampea 0.1, mzigo umebebwa na wachache, na wachache hao ndio walio karibu na hatari.

Halafu ombwe la tyubu si tupu kabisa. Molekuli za gesi hubaki, na nyingine hutolewa na kuta na chombo cha mwisho zinapopigwa na elektroni. Elektroni ikiigonga molekuli inaibandua elektroni yake na kuiacha ioni yenye chaji chanya. Na ioni hiyo inavutwa wapi? Kule kwenye chaji hasi, yaani kwenye kathodi, kinyumenyume, kwa nguvu ya volti zako mwenyewe. Inatua kwenye ncha kama jiwe. Huenda ikaibutua. Huenda ikaibandika kijinundu, na ncha iliyokuwa imetulia miezi sita inaruka leo saa tisa usiku.

Ncha hiyo ikipasuka, chuma chake kilichoyeyuka kinaruka na kugusa lango. Na lango ni moja kwa wote. Unaujua mtaa wenye transfoma moja, nyumba moja ikipiga shoti? Giza ni la mtaa mzima. Ncha 62,499 zilikuwa nzima, hazina kosa lolote, na hakuna hata moja inayotoa elektroni tena.

Ndiyo maana nasema ugumu hauko kwenye kuzitoa. Kathodi ya moto ni kundi ambalo kila sehemu ya uso inachangia kidogo, na sehemu moja ikichafuka hakuna anayejua. Kathodi baridi inaishi kwa umri wa ncha yake mbovu kuliko zote.

Kila nyumba na fyuzi yake

Dawa iliyofanya kazi vizuri zaidi hadi sasa ni ile ile ya mtaani: usitegemee fyuzi ya transfoma, kila nyumba iwe na yake. Chini ya kila ncha, au kila kikundi kidogo cha ncha, unaweka rizista.

Tuseme kila ncha imekaa juu ya rizista ya megaohmu 10. Ikitoa mikroampea 1.6 kama ilivyoagizwa, rizista inakula volti 16, si mbaya. Ikitaka kutoa mara nne, rizista ingekula volti 64, na volti hizo zinatoka kwenye fungu la ncha yenyewe. Kwa hiyo haifiki huko. Kadiri inavyotaka kuchukua zaidi ndivyo inavyonyimwa. Ule ukali wa hesabu sasa unakulinda, kwa sababu kupungua kidogo kwa volti kunapunguza mkondo sana. Na ncha ikipasuka na kugusa lango, rizista yake inazuia umeme usimwagike wote hapo. Umepoteza ncha moja na jirani wanaendelea na kazi.

Watafiti wa kampuni ya NEC huko Japani walitumia mbinu ya aina hii, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaripoti TWT ndogo inayoendeshwa na kathodi baridi. Mwaka 2009 kundi lililomjumuisha Spindt mwenyewe, miaka 41 baada ya makala yake ya kwanza, liliripoti TWT ya kathodi baridi iliyotoa wati 100 kwenye eneo la gigahezi 5. Angalia walichokifanya: waliiacha ile ndoto ya lango. Kathodi ilitoa kijito cha kawaida, na springi ikafanya kazi yake ya siku zote ya kukusanya mafungu. Wakati mwingine kusonga mbele ni kukubali kudai kidogo.

Wengine wamebadilisha chuma. Mirija-nano ya kaboni ni myembamba na migumu kiasi kwamba kila mmoja ni sindano ya kuzaliwa. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza na Ufaransa waliandika katika jarida la Nature kwamba wameitikisa kwa mikrowevu ya gigahezi 1.5 bila kutumia lango kabisa, na elektroni zikatoka kwa mafungu. Ndoto ile ile, kwa mlango wa nyuma. Huko MIT nao wamejenga ncha za silikoni ambazo kila moja imesimama juu ya nguzo nyembamba ya silikoni. Nguzo ndiyo rizista. Mwaka 2016 waliripoti msongamano unaopita ampea 100 kwa sentimita ya mraba, kwa volti zisizofika 75.

Basi jiko lizimwe lini?

Piga hesabu ya mwisho. Miaka 15 ya setilaiti ni saa 131,400. Majaribio ya kathodi baridi ndani ya tyubu halisi huhesabiwa kwa mamia ya saa, na mazuri zaidi kwa maelfu machache. Upande wa pili kuna Voyager, ambazo tyubu zake za moto ziliondoka duniani mwaka 1977 na zimeendelea kutuma ishara kwa karibu miaka 50. Mwenye setilaiti akiwekewa hizi mbili mezani, huwezi kumlaumu kwa chaguo lake.

Kwa hiyo usitegemee kathodi baridi iingie kwanza pale ambapo ile ya moto imeshinda. Itaingia pale ambapo moto haufai: kwenye kifaa kinachotakiwa kuwaka papo hapo, na kwenye masafa ya juu zaidi, mamia ya gigahezi, ambako kijito kinatakiwa kizito mno kwa bariamu kuvumilia.

Kama wewe ni mwanafunzi na unadhani eneo hili ni la wanafizikia wa kwantumu tu, niseme kwamba fizikia ya kupenya ukuta ilimalizwa sehemu kubwa mwaka 1928. Kilichobaki ni usafi wa ombwe, kemia ya uso wa chuma, na uvumilivu wa kupandisha volti polepole. Mwanakemia ana nafasi hapa. Fundi mwenye mkono mtulivu pia.

Sindano yangu ile bado ninayo, kwenye kiboksi cha kiberiti. Siku nikisoma kwamba kathodi ya ncha elfu sitini imemaliza saa laki moja bila kupiga shoti, nitaitupa. Kwa sasa naiacha mezani, inanikumbusha maana ya "kidogo tu".